Waya wa Ardhi

Inasemekana kwamba jina Nakuru lilitokana na neno la Kimaasai lenye maana ya mahali pa vumbi. Yeyote aliyewahi kupita katika mji huo mwezi wa Januari au Februari, upepo unaposhuka kutoka ukingo wa Menengai na kuuzoa udongo mwepesi wa volkano, hatahitaji ushahidi wa mwanaisimu ili akubali. Huko Kariandusi, karibu na Gilgil, ardhi yenyewe huchimbwa ikiwa nyeupe na laini kama unga, mabaki ya viumbe wadogo mno walioishi katika ziwa lililokauka zama za kale. Vumbi la Bonde la Ufa huingia katika nguo, katika uji na katika kurasa za vitabu. Tangu tarakilishi zilipoanza kupata makao majumbani, huingia pia katika feni ndogo inayopuliza hewa ndani ya chombo hicho, likajikusanya na kuganda mpaka joto likakosa njia ya kutokea. Wauzaji hutaja ukubwa wa kumbukumbu na kasi ya chombo. Vumbi hawalitaji katu.

Aliyelitaja ni mwalimu mmoja mstaafu wa Njoro. Mnamo Julai 2024 aliingia katika duka moja mjini Nakuru, akaonyeshwa tarakilishi mpya ya mezani iliyokwisha kuundwa na kufungwa katika kisanduku chake, na badala ya kuuliza bei akauliza: “Kijana wangu, hii husafishwa vipi?” Muuzaji, ambaye bila shaka hakuwa amewahi kuulizwa swali hilo na mteja wa umri ule, alicheka kwa adabu. “Mwalimu, usijali. Hii ni ya kuchomeka na kuwasha tu.”

Ama kwa hakika, kauli hiyo ya kuchomeka na kuwasha tu ndiyo inayostahili kuchunguzwa, kwa maana ina ukweli nusu.

Wanawe walikuwa wamemshauri anunue kipakatalishi. Mwalimu alikataa, na sababu yake ilikuwa ya kimofolojia. Alisema kwamba neno lenyewe, kwa kuwa limetokana na kupakata, lilimtahadharisha: kinachopakatwa ni rahisi kubebwa, na kinachobebwa ni rahisi kupotea. Yeye alitaka chombo kizito, kikae juu ya meza mahali pamoja, chenye kiwambo kipana ambacho macho yake yangeweza kukisoma bila miwani ya pili. Alikuwa na kazi ya kukipa, nayo itasemwa baadaye.

Kisanduku kilisafiri hadi Njoro kwa matatu, mwendo wa kama kilomita 20, kikiwa kimekalia kiti chake na kulipiwa nauli kamili kama abiria mwingine. Utingo alitaka kukifunga juu ya paa. Mwalimu akamtazama kwa jicho lile walimu hulitumia, na jambo hilo likaisha. Njoro iko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na jioni za Julai huko ni za makoti na moto wa makaa. Kisanduku kilipofika kilikuwa baridi kama jiwe la mtoni. Mjukuu wake, kijana aliyekuwa amemaliza kidato cha nne na ambaye hakulala vizuri usiku ule kwa hamu, alikuwa tayari na kisu mkononi.

“Nyanya, si tuifungue sasa hivi?”

“Chupa ya soda ikitolewa kwenye jokofu hufanyaje?”

“Hutoa jasho.”

“Basi na hii acha itoe jasho lake ikiwa imefungwa. Kesho.”

Kijana alinung’unika, lakini hoja ilikuwa sawa. Chombo baridi kikiingizwa katika chumba chenye joto huweza kufanya umande juu ya vyuma vyake, na umande huo ukikutana na umeme hakuna fundi wa kuurudisha mkono wa saa nyuma. Kukiacha kisanduku kifikie joto la chumba hakugharimu chochote isipokuwa subira.

Asubuhi walikifungua. Kisu kilipitishwa juujuu, kiasi cha kukata utepe bila kufika ndani. Kisanduku kikalazwa ubavu, na chombo kikavutwa taratibu pamoja na vipande vya povu gumu vilivyokikumbatia, badala ya kunyanyuliwa kwa pupa kutoka juu. Mwalimu aliamuru povu lile na kisanduku vihifadhiwe juu ya kabati hadi muda wa dhamana uishe, kwa sababu chombo kikiharibika hurudishwa dukani kilivyokuja. Kulikuwa pia na kijifuko cha punje za kufyonza unyevu, ambacho mjukuu alikitupa uani bila kufikiri, akalazimika kutoka mbio kukipokonya jogoo.

Ndipo kikatokea kijitabu cha maelekezo. Kilikuwa na Kiingereza, Kifaransa, Kijerumani, Kihispania, Kiarabu, Kichina na lugha nyingine kadhaa ambazo mwalimu hakuweza kuzitambua. Alikipekua mara mbili kutoka mwanzo hadi mwisho. Kiswahili hakikuwamo. Msomaji anaweza kusema kwamba jambo hilo ni la kawaida, na ukawaida wake ndio msiba wenyewe. Katiba ya Kenya iliyozinduliwa tarehe 27 Agosti 2010 inasema katika Ibara ya 7 kwamba Kiswahili ni lugha ya taifa, tena ni lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Ibara ya 46 ya katiba hiyohiyo inampa mnunuzi haki ya kupata maelezo yanayohitajika ili afaidi kikamilifu kile alichokinunua. Wanafunzi wa Kiswahili huitaja Ibara ya 7 katika kila kongamano, hata imekuwa kama dua ya kufungulia kikao. Ni nadra kumsikia yeyote akiisoma pamoja na ya 46, ilhali zikiwekwa bega kwa bega huzaa swali ambalo ofisi nyingi zingependa lisiulizwe: maelezo hayo mnunuzi apewe kwa lugha gani?

Mwalimu, ambaye Kiingereza alikijua barabara, hakuwa na shida ya kusoma. Aliwaza juu ya wengine. Kwa hivyo aliigeuza shughuli ile kuwa fani aliyoizoea. Alama zilizochorwa nyuma ya chombo alizitega kama vitendawili.

“Kitendawili!”

“Tega.”

“Radi yangu imefungwa ndani ya pembetatu.”

“Hatari ya umeme.”

“Pipa langu la taka limepigwa mkingamo.”

Hilo la pili lilimshinda kijana, akatoa mji, na nyanya akamweleza kwamba chombo hicho kikifa kisitupwe jalalani pamoja na maganda ya viazi, kwani ndani yake mna madini yanayodhuru maji na udongo.

Fundisho hilo la vitendawili lilikuwa zuri kadiri lilivyokwenda. Lilikwama kwenye ukuta, mahali palipo na soketi.

Soketi za Kenya ni za matundu matatu, urithi wa Waingereza, na umeme unaopita ndani yake ni wa volti 240. Tundu la juu ni kubwa kuliko mengine mawili, na pini yake katika plagi ni ndefu kuliko wenzake. Urefu huo una kazi mbili. Kwanza, pini hiyo hutangulia kuingia na kuvifungua vifuniko vidogo vilivyoziba matundu ya chini, ili mtoto asiweze kuchokoa umeme kwa kijiti. Pili, hukiunganisha kiwiliwili cha chuma cha chombo na ardhi kabla umeme haujafika. Endapo waya wenye umeme utachubuka na kugusa chuma hicho, umeme utapata njia fupi ya kukimbilia udongoni, fyuzi itaungua au swichi kuu itajizima, na mtu atakayegusa chombo atasalimika. Pasipo njia hiyo, mtu ndiye anayekuwa njia.

Katika nyumba nyingi za Kenya tundu hilo la juu linajulikana kwa matumizi mengine kabisa. Mtu mwenye chaja ya pini mbili huchukua kalamu ya wino, akaisukuma ndani ya tundu la juu ili vifuniko vifunguke, kisha akapachika chaja yake chini. Mjukuu alikuwa hodari wa kazi hiyo, na soketi ya sebuleni ilikuwa imeanza kulegea kwa sababu yake. Mwalimu alipouliza kama waya wa tundu lile ulikuwa umeunganishwa na chochote huko nyuma ya ukuta, hakuna aliyejua.

“Nyanya, majirani wote wanatumia hivihivi.”

“Najua. Mwite fundi.”

Fundi wa umeme alikuja alasiri, akafungua soketi, akachungulia, akatikisa kichwa. “Mama, hapa kuna laivu na nyutro. Athi hakuna.” Kijana aliyazungusha maneno hayo kichwani. Athi aliyoijua yeye ni mto, ule unaotiririka kuelekea bahari ukibadilisha majina njiani. Aliuliza kwa nia njema kabisa mto huo unahusiana nini na soketi ya Njoro. Fundi alicheka hadi akaiangusha bisibisi. Nyanya hakucheka. Kijana yule alikuwa amefaulu mtihani wa Kiswahili kwa alama ya kuridhisha, na katika miaka yote ya masomo yake hakuna kitabu kilichompa jina la waya ambao ungeweza kumwokoa asife.

Yafaa lisemwe bila kupakwa mafuta. Wataalamu wa lugha hii wametumia wino mwingi, tena kwa ukali, wakibishana kama chombo hiki kiitwe tarakilishi, jina lililoundwa kwa kuziunganisha tarakimu na akili na kukita mizizi Kenya, au kompyuta, kama wanavyokiita Watanzania wengi, au hata ngamizi. Mjadala huo una faida zake na hapana haja ya kuubeza. Hata kazi kubwa imefanyika: mnamo 2004 mradi wa Kilinux katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu za kuandikia na kupigia hesabu ambazo maneno yake yote yalikuwa ya Kiswahili, na baadaye Windows nayo ikapata sura ya Kiswahili. Hata hivyo, istilahi hizo zote zinaishi upande huu wa kioo. Anayegeuza chombo na kutazama mgongo wake, penye nyaya, anajikuta katika nchi ambayo mwanaisimu hajaifika na fundi amejitawala kwa maneno aliyoyaokota kazini. Fundi hana kosa. Maneno yake yanatumika, na neno linalotumika lina haki ya kuheshimiwa. Lakini athi haimwambii asikiaye chochote, ilhali waya wa ardhi ni maelezo kamili: unakwenda ardhini. Mwalimu alilisema jina hilo mara mbili mbele ya fundi, polepole. Fundi akalirudia, na alipompigia simu msaidizi wake alete fimbo ya shaba alisikika akisema, “Ni ya waya wa ardhi.”

Fimbo ilipigiliwa nje, upande yanapotiririkia maji ya bafu. Mahali hapo hapakuchaguliwa kwa bahati, kwa sababu udongo mkavu hupitisha umeme kwa shida kuliko ulio na unyevu, na udongo wa Nakuru na viunga vyake haukawii kukauka mvua ikikatika.

Kazi hiyo ilichukua siku nzima na gharama isiyokuwa katika hesabu. Mjukuu alishindwa kuelewa kwa nini tarakilishi mpya ikae sakafuni ikitazamwa kama maiti inayosubiri jamaa wa mbali. Jibu lilikuwa katika kiondo kilichoning’inia chumbani kwa nyanya.

Mwalimu huyo alikuwa amefundisha Kiswahili katika shule za upande wa Molo na Elburgon kwa zaidi ya miaka 30. Katika muda huo alikusanya vitendawili, methali na ngano kutoka kwa wanafunzi na wazazi wao, Wakikuyu, Wakalenjin, Wakisii, Waluhya na wengineo, si kwa lugha zao za kwanza bali jinsi walivyosimuliana kwa Kiswahili, sokoni na kwenye foleni za maziwa. Yalikuwa madaftari 11. Januari 2008, moto wa baada ya uchaguzi ulipopita katika wilaya hizo, nyumba yake iliungua. Yeye alitoka na wajukuu wawili na kiondo kilichokuwa na madaftari 4, akalala majuma kadhaa katika Uwanja wa Maonyesho wa Nakuru pamoja na maelfu ya wengine. Yaliyoungua hayakuwa na nakala popote. Watu waliochomeana nyumba mwezi ule waligombania mengi, na ardhi ilikuwa mojawapo. Baadhi yao walikuwa wamesimuliana ngano zilizokuwa ndani ya madaftari yale. Alipomwambia mjukuu wake jina la waya ule, hakuwa mgeni wa maana nyingine za neno hilo. Alilitumia tu, kama mtu anayetumia chungu kilichopasuka ukingoni kwa kuwa bado kinashika maji.

Siku ya tatu walirudi mezani. Nyuma ya chombo, karibu na tundu la umeme, palikuwa na swichi ndogo nyekundu iliyoandikwa 230, imezibwa kwa kibandiko cha manjano. Kidole cha mjukuu kilikuwa kimekwisha kuibandua nusu ili aone itafanya nini. Swichi hiyo, ambayo baadhi ya tarakilishi mpya hazina tena kwa kuwa hujirekebisha zenyewe, huchagua kati ya volti 115 za nchi kama Marekani na 230 za nchi kama Kenya. Ikisukumwa upande wa 115 na chombo kikachomekwa katika soketi ya Njoro, kisanduku cha umeme kilicho ndani kingelipuka mara tu kitufe kingebonyezwa, pengine kikafuatana na vingine. Nyanya alikigonga kidole kile kwa kalamu. Kibandiko kikarudishwa.

Kwa ruhusa ya muuzaji, waliyoiomba kwa simu wasije wakavunja dhamana, walifungua skrubu mbili za ubavuni kabla ya kuchomeka chochote. Kijana alishika kwanza chuma kitupu cha kiwiliwili ili ule umeme mdogo unaokaa katika nguo za sufu umtoke, kisha akatazama ndani. Barabara ya Njoro ilikuwa imefanya kazi yake: kibao chembamba cha kumbukumbu kilikuwa kimechomoka upande mmoja. Alikisukuma hadi kikalia. Bila ukaguzi huo tarakilishi ingekaa kimya kiwambo kikiwa cheusi, na lawama zingemwangukia fundi asiye na hatia. Chombo kikawekwa juu ya kijimeza chake, si sakafuni, kiganja kizima na zaidi kutoka ukutani ili kipumue, na kitambaa cha kashida kilichofumwa na binti wa jirani kwa ajili ya kukifunika kikapokewa kwa shukrani, kwa sharti kwamba kitatumika chombo kikiwa kimezimwa na kupoa tu.

Kuhusu umeme wenyewe, mwalimu hakuwa na dhana potovu. Sehemu kubwa ya umeme wa Kenya hutoka katika mvuke wa Olkaria, karibu na Naivasha, ambako mtambo wa kwanza ulianza kazi 1981. Mtu anaweza kusema kwamba Bonde la Ufa linachemsha maji ya tarakilishi zake lenyewe. Lakini nyaya ni ndefu na wenye kuzigusa ni wengi. Tarehe 7 Juni 2016 tumbili mmoja aliangukia transfoma katika kituo cha Gitaru, mto Tana, na nchi nzima ikaingia gizani. Tumbili alipona. Tarehe 25 Agosti 2023 giza lilirudi tena karibu nchi nzima, safari hii bila tumbili wa kusingiziwa. Ndiyo maana alinunua pia kisanduku cha betri ya akiba, akiwa amemkatalia muuzaji mwingine aliyetaka kumpa stebilaiza kwa madai kwamba ni kitu kilekile. Stebilaiza hutuliza umeme unaopanda na kushuka. Umeme ukikatika, nayo hufa. Betri humpa mwandishi dakika chache za kuhifadhi kazi na kuzima kwa utaratibu, na hizo dakika ndizo alizozihitaji. Radi ikianza kunguruma upande wa Mau, kila kitu huchomolewa ukutani, betri pamoja nayo.

Iliwaka mara ya kwanza. Iliuliza lugha, na Kiswahili kikapatikana baada ya kuteremka chini sana katika orodha. Iliuliza nywila, na mjukuu akageuza uso bila kuambiwa. Kisha mwalimu alianza kupiga chapa, kidole kimoja kila mkono, na chini ya takriban kila neno pakatokea mstari mwekundu, kwa sababu programu ya kuandikia ilikuwa bado inadhani kwamba anakosea Kiingereza. Walitumia saa nzima kuufundisha ukurasa kwamba ngano si kosa.

Mjukuu alibandika karatasi kwenye kila waya: wa kiwambo, wa kipanya, wa kicharazio. Kwenye soketi aliandika kwa herufi kubwa USICHOMOE, NYANYA ANAANDIKA, na chini yake, kwa herufi ndogo, hakuna kalamu hapa. Kila Ijumaa nakala moja ya kazi huingia katika kijiti cha kumbukumbu kinachokaa ndani ya kiondo, na nyingine hupelekwa kwa binti yake Naivasha, maana nakala mbili katika nyumba moja huungua pamoja.

Katika daftari la pili kuna ukurasa ambao kona yake iliondoka na moto. Umebaki na kitendawili kilichotegwa na mama mmoja wa Elburgon. Jibu lake lilikuwa katika kona ile. Mwalimu amewauliza wengi na kila mmoja ametoa jibu lake. Alikipiga chapa kama kilivyo, akaacha mstari mmoja mtupu chini yake, akabonyeza kitufe cha kuhifadhi, akafunua ukurasa uliofuata.